Kutoka Kipande Hadi Programu: Historia ya Kumbukumbu za Mzalishaji Maskini na Nafasi ya Biashara Jamii, kwa Kurejelea Kinyangiri, Singida

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna biashara jamii zinavyotumia programu za kompyuta za kuendeshea biashara katika kupambana na umaskini wa vijijini. Mjadala umewekwa katika historia ndefu ya kumbukumbu za kazi, mazao na fedha nchini Tanzania, na kata ya Kinyangiri inatumika kama mahali pa kupimia hoja. Makala yanadai kwamba programu hizi hazikuanzisha jambo jipya kabisa. Zimerithi swali lililoulizwa tangu enzi za kodi ya nyumba na kipande: nani anapima, nani anaandika, na nani anabaki na nakala? Pale kumbukumbu zilipokaa upande mmoja, zilimtawala maskini. Pale zilipokaa pande mbili, zilimlinda. Inahitimishwa kwamba mchango wa programu katika kupunguza umaskini hutegemea zaidi mgawanyo huo wa kumbukumbu kuliko ubora wa programu yenyewe.

1.0 Utangulizi

Kinyangiri ni kata iliyomo katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iramba, na makao yake makuu yako Nduguti. Wakazi wa eneo hilo la wilaya ni pamoja na Wanyiramba, Wanyisanzu, Wadatoga na Wahadzabe. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, mvua hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wilayani hulimwa mtama, uwele, mahindi, karanga, vitunguu, pamba na hasa alizeti, zao ambalo limeupa mkoa wa Singida jina katika soko la mafuta ya kula.

Msimu mmoja wa mvua una maana kubwa katika uchumi wa kaya. Mazao ya eneo zima hukomaa kwa wakati unaokaribiana, na kaya nyingi huuza kwa pamoja, wakati bei iko chini. Ada za shule, matibabu na madeni ya kipindi cha njaa havisubiri bei ipande. Katika hali hiyo, kilo chache zilizopotea kwenye mizani, deni lililoandikwa mara mbili, au malipo yaliyochelewa kwa miezi miwili si makosa madogo ya kiutawala. Yanaweza kuamua iwapo kaya itafika mvua zijazo ikiwa na chakula ghalani au itauza mbuzi wake wa mwisho.

Ndani ya hali hiyo ndipo inapofaa kuzitazama biashara jamii. Katika makala haya, biashara jamii ni taasisi inayouza bidhaa au huduma ili ijiendeshe, lakini ambayo lengo lake la kwanza ni kutatua tatizo la jamii, na faida ni njia ya kulifikia. Dhana hiyo ilipata umaarufu duniani kupitia kazi ya Muhammad Yunus wa Bangladesh, mwanzilishi wa Grameen Bank, ambaye pamoja na benki hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Tanzania haina sheria mahususi ya biashara jamii. Taasisi za aina hiyo husajiliwa kama kampuni, mashirika yasiyo ya kiserikali au vyama vya ushirika. Programu za biashara, kwa upande wake, ni zile zinazotunza leja, orodha ya wateja, hesabu ya ghala, mikopo na marejesho.

Mijadala mingi kuhusu programu hizo huanzia mwaka zilipoingia sokoni, kana kwamba kabla yake mkulima hakuwahi kuandikwa popote. Makala haya yanaanzia nyuma zaidi. Mzalishaji maskini wa Tanzania ya kati amekuwa akiandikwa kwa zaidi ya karne moja, na historia ya kuandikwa kwake ndiyo inayoeleza kwa nini programu moja huaminika na nyingine hukataliwa.

2.0 Kumbukumbu za upande mmoja: kodi na kipande

Utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba katika koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1897. Katika eneo la Iramba na Isanzu utawala huo ulijenga boma Mkalama, nalo likawa kituo cha kutoza kodi na kusimamia amri. Kwa mwanakijiji, karatasi ya kwanza yenye uzito maishani mwake ilikuwa stakabadhi ya kodi. Haikueleza alichokuwa nacho wala alichodai. Ilieleza tu kwamba deni lake kwa serikali limelipwa. Aliyeipoteza hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba alilipa, kwa kuwa kitabu kilibaki bomani.

Kodi ilihitaji fedha, na katika nchi kavu isiyo na zao kubwa la biashara, fedha ilipatikana kwa kuuza nguvu. Chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, wanaume wengi wa Tanzania ya kati walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na ya mkonge. Huko walikutana na kumbukumbu ya pili, yaani kipande. Hiki kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambayo kila siku iliyokamilika iliwekewa alama. Ujira ulilipwa baada ya alama zote kutimia. Siku ambayo mnyapara hakuridhika na kazi haikuwekewa alama, hata kama mfanyakazi alitoka jasho tangu alfajiri.

Kipande kina umuhimu wa pekee katika historia hii kwa sababu mfanyakazi alikishika mwenyewe mkononi, na bado hakikumlinda. Alama iliwekwa na upande mmoja, kwa kipimo cha upande huo, na hapakuwa na mahali pa kuipinga. Kushika kumbukumbu si sawa na kuwa na usemi juu ya kinachoandikwa ndani yake. Tofauti hiyo inarudi tena katika zama za simu za mkononi.

3.0 Mizani na kitabu cha mwanachama: ushirika, 1925–1976

Jaribio la kwanza kubwa la wakulima Waafrika kumiliki kumbukumbu zao lilifanyika Kilimanjaro. Chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925 kilifuatiwa na chama kikuu cha KNCU, kilichosajiliwa mwaka 1933 baada ya Sheria ya Ushirika ya mwaka 1932. Hata hivyo, umiliki wa jina haukutosha. Mwaka 1937 zilizuka ghasia Kilimanjaro dhidi ya KNCU. Malipo yalikuwa yameshuka, wakulima walilazimishwa kuuza kupitia chama, na wengi hawakuona njia ambayo bei ya soko la dunia ilipitia hadi kufika mikononi mwao ikiwa imepungua.

Katika Jimbo la Ziwa harakati zilianzia mahali penyewe pa tatizo, yaani kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliolalamikia kupunjwa na wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakiki uzito kabla ya mauzo. Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, kilizaliwa chama kikuu cha VFCU mwaka 1955, ambacho baadaye kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika. Mpimaji wa upande wa pili ndiye aliyekuja kwanza. Ofisi, magari na viwanda vya kuchambua pamba vilifuata.

Baada ya Uhuru ushirika ulipanuliwa kwa haraka hadi maeneo ambayo hayakuwa na historia hiyo. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963 ili kuandaa makatibu, wahasibu na wakaguzi, lakini mahitaji yalizidi idadi ya waliofundishwa. Kamati ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilibaini upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ubadhirifu, kuingiliwa kisiasa, na wanachama wasio na taarifa za kutosha kuhusu vyama vyao. Jambo hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Vitabu vilikuwepo, na mara nyingi vilikaguliwa, lakini mwanachama aliyetoa mazao hakuweza kuvisoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliyopewa msukumo mwaka 1970 ililenga, pamoja na mengine, kuziba pengo hilo.

Kabla pengo halijazibwa, mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Vijiji vilivyoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1975 ndivyo vilivyotarajiwa kuuza moja kwa moja kwa mamlaka za mazao. Malipo ya wakulima yalichelewa mara kwa mara, na stakabadhi ya mauzo ikageuka kuwa hati ya ahadi isiyo na tarehe. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini wanachama wengi walikuwa wameshajifunza kutouamini.

4.0 Lumbesa na kisanduku: zama za soko huria

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliwarudisha wanunuzi binafsi vijijini. Mkulima alipata fedha taslimu papo hapo, jambo ambalo mamlaka za mazao zilikuwa zimeshindwa kulifanya. Lakini pamoja na fedha hiyo ilikuja lumbesa, yaani gunia lililojazwa na kuongezewa kichwa hadi kuzidi ujazo halali, huku likilipwa kama gunia moja. Hesabu yake ni rahisi. Mkulima mwenye magunia 10 ambaye kila gunia lake limebeba kilo 20 za ziada juu ya kilo 100 hutoa kilo 200 bila malipo, sawa na magunia mawili. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umeendesha kampeni za mara kwa mara dhidi ya lumbesa, na vitunguu ni miongoni mwa mazao yanayotajwa sana katika kampeni hizo.

Lumbesa inafundisha kwamba soko linaweza kuendeshwa bila kumbukumbu yoyote, na kwamba ukosefu wa kumbukumbu humnufaisha mwenye nguvu kama ilivyokuwa kumbukumbu ya upande mmoja. Mkulima aliyeuza kwa gunia kwa miaka 10 hana hata karatasi moja ya kuonyesha benki kwamba amekuwa mzalishaji kwa muda wote huo. Mbele ya mkopeshaji, yeye ni mgeni kila mwaka.

Sambamba na hali hiyo, vijijini kulienea njia nyingine ya kutunza hesabu. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Wanachama wengi hawakujua kusoma, hivyo salio la kikundi lilikaririwa na wote mwishoni mwa kila kikao. Mfumo huo uliletwa Zanzibar na Tanzania Bara, ukachukua sura mbalimbali, na inayojulikana zaidi ni VICOBA. Fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote, huwekwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hugawanywa kwa watu tofauti. Kisanduku hicho kina kanuni tatu za uhasibu bora: hesabu hufanyika hadharani, hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufungua, na kila mwanachama ana kitabu chake. Mwaka 2018 Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilivitambua vikundi hivyo katika daraja la nne la watoa huduma.

Upungufu wa kisanduku ni kwamba ushahidi wake hauvuki mlango wa kikundi. Mama aliyerejesha mikopo kwa uaminifu kwa miaka mingi anajulikana kwa majirani zake pekee. Kwa hiyo, programu za biashara jamii zilipoanza kufika vijijini hazikukuta uwanja mtupu. Zilikuta utamaduni wa uhasibu uliokuwa imara kwa uaminifu na dhaifu kwa umbali.

5.0 Biashara jamii na programu zake

Mabadiliko yaliyofuata yalitokana na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. La pili ni kushuka kwa gharama za programu. Mfumo wa leja za mikopo ulikuwa ghali kwa taasisi ndogo, hivyo nyingi zilitumia madaftari au majedwali ya kompyuta ya ofisini. Grameen Foundation ilianzisha Mifos, programu huria ya kuendeshea mikopo midogo, iliyotolewa rasmi mwaka 2006. Shirika hilo lilipojiondoa mwaka 2011, jumuiya ya watengenezaji iliendelea nayo. Kampuni kubwa za kibiashara nazo zilifungua mlango. Salesforce ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijiwekea kanuni ya kutenga asilimia 1 ya hisa, ya bidhaa na ya muda wa wafanyakazi kwa ajili ya jamii, na mashirika yasiyo ya faida yakapata leseni bila malipo au kwa bei pungufu.

Mifano mitatu inatosha kuonyesha jinsi vitu hivyo viwili vilivyounganishwa katika Afrika Mashariki. Wa kwanza ni Musoni ya Kenya, iliyoanza kukopesha mwaka 2010 bila kupokea fedha taslimu kabisa. Mikopo ilitolewa na kurejeshwa kwa simu, na kila muamala uliingia katika leja. Ofisa wa mikopo hakugusa tena fedha ya mteja, na kwa hiyo nafasi ya wizi, pamoja na tuhuma za wizi, ilipungua.

Mfano wa pili ni One Acre Fund, iliyoanza Bungoma, Kenya, mwaka 2006 na baadaye kuingia Tanzania. Taasisi hiyo huwakopesha wakulima mbegu na mbolea, huwapa mafunzo, na hupokea marejesho kidogo kidogo katika msimu mzima. Hapo awali maofisa wa shamba walikusanya fedha taslimu na kuandika stakabadhi za karatasi. Kuanzia mwaka 2014, nchini Kenya, marejesho yalianza kuhamishiwa kwenye M-Pesa. Uhamisho huo ulipunguza upotevu wa fedha na muda wa kukusanya, lakini badiliko lililomgusa mkulima moja kwa moja lilikuwa ujumbe wa uthibitisho. Malipo yalipofika, simu yake ilipokea kumbukumbu ileile iliyoingia katika leja ya taasisi. Kwa mara ya kwanza mkopeshaji na mkopaji walishika maandishi yaliyofanana kwa wakati uleule.

Mfano wa tatu unaonyesha upande mwingine. Kampuni za umeme wa jua kama M-Kopa ya Kenya, Off Grid Electric iliyoanzia Arusha, na Mobisol iliyofanya kazi Tanzania ziliuza mitambo kwa malipo ya awamu. Programu ilihesabu siku zilizolipiwa na kuzima mtambo malipo yalipokatika. Njia hiyo iliwafikishia umeme watu ambao hawangeweza kununua mtambo kwa mkupuo. Lakini ndani yake mna kipande cha zamani: siku isiyowekewa alama ni siku ya giza, na alama huwekwa na upande mmoja. Mwaka 2019 Mobisol ilifilisika na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Tukio hilo liliibua swali ambalo mkataba wa mteja mara nyingi hauligusi: kampuni inapouzwa, historia ya malipo ya wateja huuzwa pamoja nayo kama mali, wakati aliyeitengeneza kwa kulipa kila mwezi si mmiliki wake.

Mifano hii inaonyesha kwamba programu ya biashara hupunguza umaskini kwa njia tatu zinazoweza kuelezwa bila kutia chumvi. Hupunguza gharama ya kumhudumia mteja mdogo, hivyo mkopo mdogo unakuwa na maana kibiashara. Hupunguza upotevu kati ya mteja na ofisi. Aidha, hutengeneza historia inayoweza kusomwa na mtu asiyemfahamu mteja. Njia mbili za kwanza huinufaisha taasisi kwanza na mteja baadaye, kama riba au bei itashushwa. Ya tatu humnufaisha mteja moja kwa moja, lakini kwa sharti kwamba historia hiyo ni yake.

6.0 Masharti ya Kinyangiri

Hoja hizi zikiwekwa katika mazingira ya Kinyangiri, masharti matatu yanajitokeza.

Sharti la kwanza ni kipimo. Programu huhifadhi kile inachopewa. Ikiwa karani anaingiza magunia badala ya kilo, hifadhidata bora kabisa itatunza lumbesa kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo, katika eneo la alizeti na vitunguu, kifaa cha kwanza cha kidijiti ni mizani iliyohakikiwa, ambayo mkulima anaona namba zake. Uzoefu wa wakulima wa pamba wa miaka ya 1950 unaonyesha utaratibu unaofaa: mpimaji wa upande wa mkulima kwanza, kitabu baadaye. Biashara jamii inayonunua alizeti kwa ajili ya kukamua, na inayopima kwa kilo mbele ya muuzaji, imeshatimiza nusu ya kazi kabla ya kuwasha kishikwambi.

Sharti la pili ni shahidi. Nguvu ya VICOBA ilikuwa katika macho ya wengi. Huduma za simu zinaweza kulinda kanuni hiyo au kuivunja. Huduma ya M-Koba, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na Benki ya TPB, ilibuniwa ili muamala wa kikundi uonekane kwa wanachama na kuidhinishwa na zaidi ya mtu mmoja. Huo ni uhamisho wa kufuli tatu kwenda kwenye simu. Kinyume chake, kikundi kinachoweka fedha zake katika laini ya katibu peke yake kimeacha kisanduku chenye ulinzi na kuchukua mfuko usio na kifungo, hata kama kinaonekana kuwa cha kisasa zaidi. Suala la mtandao nalo linaingia hapa. Programu kama TaroWorks, iliyotokana na Grameen Foundation na kujengwa juu ya Salesforce, iliundwa ili ofisa aweze kuingiza taarifa mahali pasipo na intaneti na kuzituma baadaye. Katika muda huo wa kusubiri, mkulima anahitaji karatasi. Stakabadhi ya karatasi si dalili ya kurudi nyuma, bali ni shahidi asiyehitaji mnara.

Sharti la tatu ni nakala inayosafiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazotunzwa na taasisi. Kwa mkulima, haki hiyo itakuwa na maana pale tu atakapoweza kuchukua historia ya mauzo na marejesho yake, kwa Kiswahili na kwa muundo unaosomeka, na kuipeleka kwa mkopeshaji mwingine. Bila hivyo, historia nzuri ya malipo huwa kamba: kadiri mteja anavyokuwa mwaminifu, ndivyo anavyofungwa zaidi kwa taasisi moja inayomjua.

Serikali nayo imeingia katika uwanja huu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushirika ya mwaka 2013, imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kama MUVU. Mfumo wa stakabadhi za ghala ulitungiwa sheria mwaka 2005, na minada ya mazao kadhaa sasa hufanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mifumo hii inaweza kufanya kazi ambayo biashara jamii moja haiwezi, yaani kuweka bei hadharani. Hata hivyo, katika baadhi ya mikoa kumekuwa na malalamiko pale wakulima waliozoea kulipwa papo hapo walipotakiwa kupeleka mazao ghalani na kusubiri. Malalamiko hayo hayapaswi kutafsiriwa kuwa ni uhasama dhidi ya teknolojia. Jamii inayokumbuka stakabadhi za ahadi za baada ya mwaka 1976 ina sababu ya kihistoria ya kuuliza fedha itafika lini.

Ipo pia mipaka ambayo programu haiwezi kuivuka. Mwezi Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na kwa kuwa usajili huo ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, asiyekuwa nayo alitengwa na huduma zote zinazopitia simu. Mwezi Julai 2021 serikali ilianzisha tozo za miamala ya simu, kisha ikazipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo baada ya malalamiko ya wananchi. Mkulima aliyerejesha mkopo kwa vipande vidogo vingi aliweza kuumizwa na tozo kuliko aliyelipa mara moja, ingawa ratiba ya vipande vidogo ndiyo iliyobuniwa kumsaidia. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilishuka sana, na wakulima pamoja na wasindikaji walilalamikia mafuta ya kula yaliyoingizwa kutoka nje kwa ushuru nafuu. Leja iliyo sahihi ilirekodi hasara hiyo kwa usahihi, lakini haikuizuia. Umaskini unaotokana na sera ya ushuru hauponywi kwa uhasibu wa kaya.

Hata hivyo, mipaka hiyo haifanyi kumbukumbu kuwa jambo dogo. Wakulima wenye rekodi za kilo walizouza na bei waliyolipwa kwa misimu kadhaa wanaweza kuonyesha hasara yao kwa takwimu zao wenyewe, badala ya kusubiri kuelezwa na wengine. Kumbukumbu inayobaki kwa mzalishaji ni chombo cha biashara, lakini pia ni chombo cha uraia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya mzalishaji maskini nchini Tanzania inaweza kusomwa kama historia ya kumbukumbu zake. Stakabadhi ya kodi na kipande vilimwandika bila kumpa usemi. Ushirika ulimpa mizani na kitabu, lakini kitabu kikakua hadi kikazidi uwezo wake wa kukisoma, kisha kikafungwa kwa amri. Soko huria lilimwacha bila maandishi, na lumbesa ikachukua nafasi ya hesabu. Kisanduku cha VICOBA kilimrudishia hesabu ya hadharani, ingawa kwa mipaka ya kijiji. Programu za biashara jamii zimekuja mwisho katika mfuatano huo, na zina uwezo wa kuunganisha uaminifu wa kisanduku na umbali wa simu.

Uwezo huo hautokani na programu peke yake. Programu ileile inaweza kuwa kitabu cha mwanachama au kipande, kutegemea nani anashuhudia kipimo, nani anaweza kupinga kilichoandikwa, na nani anaondoka na nakala. Kwa hiyo, tathmini ya biashara jamii haipaswi kuishia kwenye idadi ya wateja walioandikishwa au miamala iliyopita. Inapaswa kuuliza pia kama muuzaji wa alizeti wa Kinyangiri, biashara jamii inayomhudumia ikifungwa kesho, atabaki na uthibitisho wa kilo alizouza, deni alilolipa na fedha anayodai. Jibu likiwa ndiyo, teknolojia hiyo imepunguza sehemu mojawapo ya umaskini wake. Jibu likiwa hapana, kitabu bado kiko bomani.